Kadi Mbili Wasizozitaka Wenzako: Deki ya Kombo ya Rangi Mbili kwa Pesa Ndogo

Mheshimiwa mwenyekiti, wakubwa shikamooni, na wadogo zangu wa meza zote, hamjambo.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie namna mtu asiye na pesa nyingi anavyoweza kuunda deki, yaani fungu la kuchezea, ya Magic: The Gathering. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba sitasema habari za deki kwa jumla. Nitasema habari za deki moja: ya kombo, yaani ya kadi zinazoshinda zikikutana, ya rangi mbili, kijani na nyeupe, katika mtindo wa Pauper. Ushauri wa jumla atakayeuhitaji atauchambua mwenyewe humo ndani.

Naona kuna sura ngeni, na wengine nadhani walisikia neno karata wakaja wakitarajia albastini. Karibuni. Tofauti iliyo kubwa ni hii: katika karata zetu za shupaza, kopa, uru na pau, wote tunakula kwenye fungu moja la kadi zile zile. Katika Magic, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kuanza kuuzwa na kampuni ya Wizards of the Coast huko Marekani mwaka 1993, kila mtu anakuja na fungu lake. Lisipungue kadi 60. Kadi ya jina moja zisizidi nne, isipokuwa ardhi za msingi. Kila mchezaji anaanza na uhai 20. Ardhi ndizo zinazotoa mana, mana ndiyo inayolipia kadi nyingine, na mana ina rangi tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Mengine mtaelezwa mezani.

Sasa, kila mtu akija na fungu lake, mwenye pesa atakuja na fungu nono. Hilo halikwepeki. Na mjue pesa nyingi ya mwenye pesa huishia wapi: kwenye ardhi. Savannah, ile ardhi ya tangu 1993 inayotoa kijani au nyeupe bila kukuchelewesha hata kidogo, imo katika orodha ya kadi ambazo kampuni iliahidi mwaka 1996 kuwa haitazichapisha tena. Zilizopo ndizo hizo hizo, na bei yake mnaweza kuikisia. Mtu anaweza kutumia pesa ya deki nzima kwa kitu kisichoua, kisichokinga, kinachotoa mana tu.

Pauper inaondoa balaa hilo kwa kanuni moja: kadi haingii mpaka iwe imewahi kuchapishwa kwa daraja la kawaida, lile la chini kabisa. Mtindo huu ulikulia kwenye Magic Online, na mwaka 2019 orodha ya kadi halali ikafanywa moja kwa wanaocheza kwenye kompyuta na wanaocheza kwa karatasi. Savannah haimo. Tajiri na maskini wote wanahangaika na ardhi zile zile zinazoingia mezani zikiwa zimelala, yaani zimegeuzwa ubavu, hazitumiki mpaka zisimame.

Lakini nisiwadanganye. Hata ndani ya Pauper watu wanakosea njia. Wanaitazama deki iliyoshinda, wanaondoa kadi wasizozimudu, wanatia badala yake kadi zinazofanana nazo kidogo. Wakimaliza wanayo deki ya mtu mwingine, iliyopungukiwa. Mimi nasema anzeni upande wa pili. Soko la kadi huipima kadi ikiwa peke yake. Kadi inayofaa popote, kila mtu anaitaka, bei inapanda. Kombo ni kadi mbili zinazopata maana zikikutana, na kila moja ikiwa peke yake inaweza kuwa takataka. Takataka haina bei. Ndiyo sababu mtu wa pesa ndogo anapaswa kupenda kombo kuliko aina nyingine yoyote ya deki: ananunua kadi wenzake wanazotupa kwenye maboksi.

Kadi zenyewe ni hizi. Ya kwanza Midnight Guard, ya toleo la Dark Ascension, 2012. Ni nyeupe, bei yake mana tatu, moja tu kati ya hizo lazima iwe nyeupe. Ni askari mwenye nguvu 2 na uimara 3. Maandishi yake yanasema kila kiumbe kingine kinapoingia mezani, Guard anasimama, kama alikuwa amelazwa. Ukiisoma hivyo unauliza, ya nini? Ya pili Presence of Gond, ya Shadowmoor, 2008. Ni kijani, mana tatu vilevile, moja tu lazima iwe ya kijani. Hii ni Aura, anavishwa kiumbe, na kiumbe aliyeivaa anapata uwezo wa kulazwa ili azae tokeni, yaani kiumbe kisichotoka kwenye deki, ya kijani yenye nguvu 1 na uimara 1. Nayo ukiisoma unaona kazi ya polepole, askari mmoja kwa zamu.

Mvike Guard hiyo Gond. Mlaze: inazaliwa tokeni. Tokeni ni kiumbe kingine kilichoingia mezani, basi Guard anasimama. Mlaze tena. Inazaliwa nyingine, anasimama tena. Hakuna mana inayotumika, wala hakuna mtu wa kukuambia basi.

(Hapa watu walicheka, na kijana mmoja wa nyuma akapiga meza.)

Kwenye meza huhitaji kuizaa moja moja. Unaonyesha mzunguko mara moja, kisha unataja idadi, na lazima itajwe namba. "Zisizo na mwisho" si namba, mwamuzi atakurudisha. Sema milioni, inatosha. Ila kwa wanaocheza Magic Online: huko kila tokeni unaibofya, na saa yako inatembea. Hesabu zinazotosha kumuua mpinzani na akiba kidogo, kisha acha.

Tokeni zilizozaliwa zamu hii hazishambulii mpaka zamu yako ijayo. Hilo wanaoanza hulisahau, wanazaa jeshi katikati ya zamu yao, wanampa mpinzani zamu nzima ya kutafuta dawa. Kama hali inaruhusu, muache Guard amesimama na Gond yake, mpe mwenzako zamu, na zamu yake ikikaribia kwisha ndipo uzae. Jeshi linakuwa lako zamu yako ikianza, nalo liko tayari. Uwezo ule unatumika wakati wowote, hata zamu ya mwingine. Akitumia Chainer's Edict kukulazimisha utoe kiumbe kafara, wewe unajibu kwa kumlaza Guard, unazaa hao milioni, kisha unatoa kafara mmoja wao.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye zamu moja, maana humo ndimo deki hii inaposhinda au kushindwa.

Zamu yako ya nne. Una ardhi nne, zote zimesimama. Guard yuko mezani tangu zamu iliyopita. Mkononi una Gond na Vines of Vastwood. Mpinzani anacheza nyekundu, naye ameacha Mountain moja, ardhi ya nyekundu, imesimama. Hiyo Mountain moja ni Lightning Bolt: mana moja, madhara 3, na Guard ana uimara 3. Ukitoa Gond, yeye ana nafasi mbili za kukuumiza. Ya kwanza ni pale pale Gond ikiwa hewani: anamuua Guard, Gond inakosa wa kumvaa, zote mbili zinakwenda makaburini. Amelipa kadi moja, wewe umelipa mbili. Nafasi ya pili ni ya mpinzani mwenye subira. Anaiacha Gond ishuke. Anangoja umlaze Guard kwa tokeni ya kwanza. Guard akiwa amelala, kabla tokeni haijazaliwa, ndipo anapiga. Huwezi kujibu kwa kumlaza mtu ambaye tayari amelala. Unabaki na tokeni moja, maana uwezo ukishaanzishwa unaendelea hata mwenyewe akifa.

Umebakiwa na mana moja, na Vines inagharimu mana moja ya kijani. Inamfanya Guard asiweze kulengwa na kadi za mpinzani mpaka zamu iishe. Msiitoe kabla hajapiga. Mngoje. Bolt ikija, iwe mapema au baadaye, Vines inajibu, Bolt inakosa shabaha, na zamu nzima iliyobaki Guard yuko salama dhidi ya kadi nyingine ya kumlenga. Na hapo sasa zaa wote zamu hiyo hiyo, kwa sababu ulinzi huo hautafika zamu ya mwenzako. Gods Willing nayo inafaa kwa kazi hii, kwa mana moja nyeupe, ukichagua rangi ya kujikinga nayo. Mkichagua, msichague kijani hata kwa bahati mbaya: Gond ni ya kijani, itamdondoka Guard wenu mchana kweupe.

Nimeleta hesabu kidogo, msikimbie.

Deki ina kadi 60, Guard wanne ndani yake. Katika kadi saba za kuanzia, uwezekano wa kumwona walau Guard mmoja ni asilimia 40. Kufikia zamu ya nne, kama wewe ndiye uliyeanza, umeona kadi 10, na uwezekano umepanda hadi asilimia 53 hivi. Si mbaya. Lakini kombo inataka Guard na Gond, wote wawili. Uwezekano wa kuwa umewaona wote wawili katika kadi hizo 10 ni kama asilimia 27. Yaani karibu mara tatu katika nne umekaa mezani na nusu ya kombo, au huna kabisa. Deki za kombo za bei ndogo hufia hapa. Mtu anaona kadi mbili zimeungana vizuri kwenye video, anazitia nne nne, anajaza kadi nyingine nzuri nzuri, kisha analaumu bahati.

Dawa ni kadi inayokwenda kuitafuta nyingine. Heliod's Pilgrim ni kiumbe cha nyeupe, mana tatu, na anapoingia mezani unatafuta Aura yoyote katika deki yako na kuitia mkononi. Gond ni Aura. Tia Pilgrim wanne, na sasa ni kama una Gond nane. Uwezekano wa kushika Guard pamoja na Gond au mtu wa kuileta unafika asilimia 40. Kutoka 27 hadi 40, kwa kadi ya senti. Bei yake halisi ni muda: Guard zamu ya tatu, Pilgrim ya nne, Gond ya tano. Kisha ongeza Commune with Nature nne, mana moja ya kijani, unatazama kadi tano za juu na kuchukua kiumbe kimoja. Inampata Guard, au inampata Pilgrim ambaye naye anaileta Gond. Kadi moja inatafuta pande zote mbili. Kadi za namna hiyo ndizo za kushindania mtu asiye na pesa. Nazo, kwa bahati njema, hakuna anayezishindania.

Rangi mbili sasa. Watu huuliza, kwa nini nisikae kwenye rangi moja, ardhi zisinisumbue? Kwa sababu kombo hii iko rangi mbili, basi. Ila angalieni kitu kilichonifanya niichague mbele ya kombo nyingine. Guard anadai alama moja ya nyeupe, Gond moja ya kijani, Pilgrim moja ya nyeupe. Hakuna inayodai mbili za rangi moja. Kombo ya kadi zinazodai alama mbili mbili za rangi tofauti ni ya mwenye Savannah. Sisi tutafute zinazodai moja.

Tena zipangeni rangi kwa muda. Katika deki yangu kijani ni rangi ya zamu ya kwanza: Llanowar Elves wanne na Fyndhorn Elves wanne, ambao ni kadi ile ile kwa jina jingine. Mana moja, wakilazwa wanatoa mana ya kijani. Ukimtoa mmoja zamu ya kwanza, Guard anashuka ya pili, Gond ya tatu, na jeshi linashambulia ya nne. Nyeupe inaweza kuchelewa mpaka zamu ya pili au ya tatu. Basi ardhi zangu 20 ziko hivi: Forest 10 za kijani, Plains 6 za nyeupe, na Blossoming Sands nne, zile zinazotoa rangi zote mbili lakini zinaingia zimelala. Forest 10 zinakupa asilimia 74 ya kuwa na walau moja katika kadi saba za kwanza. Wengine watasema waongeze ardhi za rangi mbili. Waongeze, lakini kila ardhi inayoingia imelala zamu ya kwanza inamzuia yule Elf, na Elf ndiye mwendo wa deki yote.

Kwa sababu hiyo hiyo, kati ya Soul Warden wa nyeupe na Essence Warden wa kijani, wote mana moja, wote wanakuongezea uhai mmoja kila kiumbe kingine kinapoingia, mimi nachukua Essence Warden. Wanne. Mapema anakutunza dhidi ya nyekundu. Kombo ikizunguka, milioni ya askari ni milioni ya uhai, na uhai huo unaupata papo hapo bila kungoja kushambulia.

Zilizobaki: Journey to Nowhere nne, za kumwondoa kiumbe wa mpinzani anayesumbua. Vines nne. Armadillo Cloak mbili, Aura ya kijani na nyeupe inayomwongezea kiumbe nguvu 2 na uimara 2, ikakurudishia uhai kila anapopiga. Pilgrim anaweza kuileta hiyo badala ya Gond. Siku ambayo Guard wote wako chini ya deki, unamvika mtu yeyote Cloak na kucheza kama askari wa kawaida. Nilisema kadi za kombo ni dhaifu zikiwa peke yake. Basi nafasi nyingine zote za deki ziende kwa kadi zisizo dhaifu hivyo, au zinazoifanyia kombo kazi. Ukihesabu utaona zimebaki nafasi mbili. Nitazirudia.

Itashinda mashindano makubwa? Sidhani. Kuna deki za Pauper zilizo imara kuliko hii na zinazosamehe makosa zaidi. Lakini inashinda meza za humu ndani, na inamfundisha mtu lini apige na lini angoje. Kuna faida nyingine. Mwaka 2013 Grapeshot na Empty the Warrens, kadi zilizokuwa moyo wa deki za kombo zilizohesabu kadi ulizotoa zamu moja, zilipigwa marufuku katika Pauper kwa sababu zilikuwa zinaua haraka mno. Aliyekuwa amekusanya deki nzima alibaki na karatasi. Kombo ya kadi mbili za mana tatu, inayozuiliwa na Bolt moja, haimtishi mtu wa kupiga marufuku.

Kununua. Msinunue pakiti zilizofungwa mkitarajia kuipata deki humo. Pakiti ni kubahatisha, na hapa mnahitaji kadi nne za jina fulani. Nunueni kadi moja moja kwa majina. Nyingi za deki hii hazifiki dola moja. Kwetu Dar shida ni usafiri, ambao unaweza kuzidi bei ya kadi zenyewe, kwa hiyo andikeni orodha ya klabu nzima, iagizwe mara moja, na kama kuna ndugu wa mtu anakuja kutoka Dubai au London, kadi 300 hazimlemei. Kabla ya hapo chapeni majina kwenye vipande vya karatasi, vitieni kwenye mifuko ya plastiki mbele ya kadi za kawaida, mchezee hivyo. Kwenye mashindano rasmi hairuhusiwi. Humu ndani nani atakukataza? Mtu acheze deki ya karatasi mpaka ajue kama anaipenda, ndipo atoe pesa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona dada amenyoosha mkono tangu zamani.

(Dada aliuliza: "Kaka, na nikikutana na Electrickery? Inapiga viumbe vyote vya upande wangu kwa mara moja, tokeni zote zinakufa.")

Swali zuri, na ndilo linalorudisha zile nafasi mbili. Electrickery ikilipiwa mana tatu inaua kila mwenye uimara 1, na haimlengi mtu, kwa hiyo Vines haisaidii. Guard mwenyewe anabaki, ana uimara 3. Kwa hiyo ukiwa na Guard amesimama tena baada ya mvua hiyo, zaa upya. Ikinyesha huku Essence Warden yuko mezani, Warden anakufa lakini uhai ulioupata haurudi nyuma, na nyekundu haina njia rahisi ya kula milioni.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni Bolt, na hapo natia Standard Bearer wawili. Kiumbe cha nyeupe, mana mbili. Akiwa mezani, mpinzani anapotoa kadi ya kulenga lazima amlenge yeye kama inawezekana. Bolt inamwendea Standard Bearer, Guard anaendelea na kazi. Kanuni hiyo inawabana wapinzani tu, kwa hiyo wewe unamvika Guard Gond yako bila shida. Kati ya zile kadi 15 za pembeni, za kubadilishia kati ya mchezo na mchezo, tia wengine wawili, pamoja na Nature's Claim nne za kuvunja mashine za watu wa Affinity, deki iliyojaa kadi za mashine. Tisa zilizobaki zitategemea meza unayokaa.

Deki ya karatasi iko meza ya tatu, na nyekundu yenye Bolt nne na Electrickery iko kando yake. Dada, anza wewe, mimi nashika nyekundu.